Mahindi Yaliyopanda Darini kwa Bibi

Tone la kwanza lilimwangukia bibi kwenye paji la uso wakati ule ule anasema Amina ya sala yake ya asubuhi. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, maana tunalala chumba kimoja, na nililisikia: to! Bibi hakufumbua macho. Alingoja kwanza, kama mtu aliyesikia hodi na hana uhakika kama ni mlango wake au wa jirani. Likaanguka la pili.

"Nyumba yenu inanitemea mate," akasema.

Nyumba yenu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu siku chache kabla ya hapo alikuwa ameanza kusema "nyumba yetu," na mimi nilikuwa nimefurahi kimoyomoyo bila kumwambia mtu. Mimi vitu vingi huwa siwaambii watu. Ndiyo maana naandika.

Bibi ana kifua. Tangu nimjue alikuwa analala jikoni kwake, ile nyumba ndogo ya udongo iliyo nyuma ya nyumba kubwa, moto katikati, moshi unazunguka ukitafuta pa kutokea na mwisho unaamua kukaa. Kikohozi chake nilikuwa nakisikia mpaka chumbani kwetu. Kikinyamaza muda mrefu ndipo nilipokuwa siwezi kulala. Mwaka jana muuguzi wa zahanati alimvuta baba pembeni akamwambia waziwazi: huyu mama asipotoka kwenye moshi, msitegemee atauona msimu mwingine wa baridi.

Baba akamwomba ahamie nyumba kubwa. Bibi akakataa. Alisema nyumba ya bati ni friji yenye madirisha, na kusema kweli hakukosea. Huku kwetu milimani juu ya Same, mwezi wa saba ukungu unaingia darasani bila kupiga hodi, na mwalimu anafundisha akiwa amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Bati usiku linavuta joto lote la chumba na kulipeleka mbinguni. Asubuhi linakurudishia maji.

Ndipo baba akampigia simu baba mdogo.

Baba mdogo anafanya kazi Dar es Salaam, anafunga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na nyama. Maisha yake yote amekuwa akipambana na joto lisiingie. Alipoelezwa habari ya bibi alicheka, akasema, "Kaka, hiyo ni kazi yangu ile ile. Nageuza koti tu." Lori moja lililopeleka tangawizi Dar likarudi na shehena ya mabamba meupe, mapana, mepesi, ya aina ile inayozungushiwa televisheni mpya kwenye boksi, ila haya yalikuwa manene kama tofali. Lilipopita barabarani watoto walilikimbilia wakidhani ni mikate.

Shangazi yangu aliyeolewa Ndungu, kule bondeni kwenye joto, alikuwa amepanda kutuletea mchele. Akasimama uani mikono kiunoni.

"Haya ni ya nini?"

"Ya paa, dada," baba akamjibu. "Yanakaa chini ya bati. Joto lisitoke."

"Joto lisitoke!" Shangazi akapiga makofi. "Kwetu Ndungu watu wanalala uani kwa sababu ya joto, ninyi huku mnalivalisha bati godoro. Mna akili kweli?"

Jina likashika hapo hapo. Mpaka leo paa letu linaitwa godoro, na baba yangu, mtu mzima mwenye shamba la tangawizi na kadi ya ushirika, anaitwa Baba Godoro.

Kazi ikafanywa kwa msaragambo. Kila nyumba ikatoa mtu, hakuna aliyelipwa, watu walikula makande tu na kuondoka. Msimamizi alikuwa mzee wa kanisa, jirani yetu wa upande wa juu. Yeye husimamia kila kitu hapa kwetu, hata mazishi ya watu wasio wa dhehebu lake. Fundi mmoja aliletwa kutoka Same mjini. Na juu ya wote alikuwepo baba mdogo kwenye simu ya baba, kwa video, uso wake ukiwa umeegemezwa kwenye ndoo ya misumari.

Nakumbuka alichosema kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika ile simu isianguke.

"Kwanza nailoni juu ya kenchi, hizo mbao zinazobeba paa. Nailoni nzito, na kila inapoungana mpige tepu. Juu yake mabamba, yabanane, hata wembe usipite. Juu yake papi, zile mbao nyembamba za kupigilia, halafu bati. Mmenielewa? Mvuke wote wa ndani unapanda juu. Wa chai, wa kupumua, wa kuoga. Ukilifikia bati la baridi unageuka maji, unawarudia kichwani. Nailoni inauzuia kule chini kwenye joto kabla haujafika. Kwa hiyo nailoni isitobolewe. Nasema, isi-to-bo-le-we!"

"Sawa, mhandisi!" watu wakaitikia kutoka juu ya paa.

"Na kila asubuhi mfungue madirisha mvuke utoke. Hata kama ni baridi."

Hilo la madirisha hakuna aliyeliitikia, maana ndio wakati mama alikuwa anaipua sufuria ya makande, na watu wote walikuwa wameanza kushuka.

Lakini paa lilifanya kazi. Lazima niseme ukweli, lilifanya kazi vizuri mno, na huko ndiko matatizo yalikotoka. Bibi alihamia kwa sharti lake mwenyewe: anajaribu tu, akianza kulowa anarudi jikoni kwake na asibishaniwe. Usiku wa kwanza alilala na sweta mbili. Baadaye akavua moja. Halafu akavua na ya pili, na kikohozi kikapungua mpaka nikaanza kusikia panzi wa nje, ambao sikuwahi kujua kwamba wapo.

Habari za joto la godoro zikaenea. Watu walikuja kumjulia hali bibi, ila nilivyoona mimi walikuwa wanaijulia hali nyumba. Walikuwa wanagusa kuta. Mzee wa kanisa akaomba kukagua dari. Mlango wa dari letu uko nje, kwenye ukuta wa pembeni, unapanda kwa ngazi ya miti. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko ukaguzi wowote unavyohitaji. Aliposhuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona shamba zuri lisilo na mwenyewe.

Msomaji asiye wa huku anahitaji kujua kitu kimoja. Mahindi yetu yanakomaa wakati wa baridi kali. Ukiyaanika nje, ukungu unayanywesha maji upya. Kwa hiyo tangu zamani yanapandishwa juu ya moto jikoni, yanakauka kwa moshi. Lakini siku hizi watu wamejenga majiko ya tofali, wameweka silingi bodi, wengine wananunua gesi. Wamekuwa wa kisasa kila mahali isipokuwa kwenye mahindi, ambayo bado yanataka joto. Na sasa, katikati ya kijiji kizima, lilikuwepo dari moja kubwa lenye joto kama kwapa.

Mzee wa kanisa alimwendea baba kwa unyenyekevu. "Nina mbegu kidogo tu, ndugu yangu. Kidogo tu, za kupandia. Sijui kama..."

Baba angemkataliaje? Mzee ndiye aliyebeba mbao begani kutoka barabarani. Akapandisha mbegu zake.

Jirani wa chini, mama mmoja muuza vitumbua ambaye wakati wa msaragambo alichota maji siku nzima, hakuona haja ya kuomba. Alikuja na kiroba wakati wazazi wangu wako shamba. Mimi nilikuwa uani nafua sare. Nikamwona amefika katikati ya ngazi, kiroba kichwani.

"Shikamoo," nikasema. Sikujua niseme nini kingine. Mtu mzima ukimwona lazima umsalimie, hata akiwa kwenye ngazi ya kwenu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Shule inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri."

"Usome sana." Akapanda vidato vingine, akageuka. "Wewe si msemaji, eh? Mtoto mzuri. Hujaniona."

"Sijakuona," nikajibu.

Baada ya hapo walikuja wengine, na wote nikawapa shikamoo, na wote wakaniitikia wakiwa wameinama chini ya mizigo. Wengine walileta viroba. Wengine walileta mahindi yenye maganda yake, yamefungwa mawili mawili, ya kuning'iniza kwenye kenchi. Yalikuwa mabichi bado. Ukiyabonyeza kwa ukucha yanatoa maziwa. Kila mmoja aliniambia ni kidogo tu, na kila mmoja aliniambia sijamwona. Kwa kuwa sisemi sana, watu waliniamini kama sanduku lisilo na mfuniko wa kufungulia. Ndani ya muda mfupi nilikuwa najua siri za kijiji kizima, na siri zote zilikuwa ni ile ile moja.

Kichekesho ni kwamba wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanajuana. Ukipanda na mzigo wako unauona wa mwenzako. Lakini ukimsema mwenzako atauliza wewe ulikwenda kufanya nini huko.

Baba naye alipandisha ya kwetu. Hakuniambia. Nilimwona akishuka, akajipangusa vumbi, tukatazamana. Nikamsalimia.

Basi ndio tone likaanguka. Siku ile yalikuwa mawili tu, nami nikasogeza kitanda cha bibi. Asubuhi iliyofuata yakamfuata alikosogea. Silingi bodi juu yake ikatoa doa la rangi ya chai, likatanuka, likaota na mkia. Nikaweka beseni, halafu sufuria, halafu kopo. Kila chombo kilikuwa na sauti yake, na bibi alikuwa anavisikiliza kama mtu anayesikiliza wakwe wakijadiliana mahari.

"Mwambie baba yako," akasema, "nimeshalowa mara za kutosha. Ikipita Jumapili hii, nabeba godoro langu. Langu mimi, hili la sufi."

Akakohoa. Mara moja tu, lakini nilikitambua kile kikohozi. Kilikuwa cha zamani kile.

Hapo wataalamu wakaanza kuja.

Mzee wa kanisa alisema ni misumari. Fundi wa mjini amepiga misumari mishazari, maji yanateleza nayo. Mama wa vitumbua alisema mabati ya siku hizi ni makaratasi, bati la zamani ukilipiga linalia, la sasa linaguna. Shangazi alipiga simu kutoka Ndungu kusema kwamba alisema. Fundi akaitwa, akapanda juu ya bati na bomba la gundi, akaziba kila msumari. Asubuhi yake maji yakaongezeka. Akaitwa tena, akaziba juu ya alipoziba. Paa likawa na mabaka meupe kama limeugua tetekuwanga, na maji yakazidi.

Jambo lililonisumbua ni kwamba mvua haikuwa imenyesha hata kidogo. Kulikuwa na ukungu tu. Nikajiuliza hawa watu wanadhani maji yanavujaje kutoka kwenye anga isiyo na mvua. Halafu nikaelewa kwamba wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Kila aliyekuja kutazama alitazama juu ya bati na ndani chumbani. Hakuna aliyetaka dari lifunguliwe. Fundi alipoishika ngazi ya ule mlango wa pembeni, sauti tatu zilimzuia kwa pamoja.

"Kule kuna giza, fundi, utaanguka!"

"Kuna nyigu!"

"Dari ni jipya, usije ukavunja silingi za watu!"

Mimi nilikuwa nimeshapanda. Nilipanda jioni moja na tochi ya simu ya mama. Kulikuwa na harufu ya pombe, kwa sababu mahindi mengine yalikuwa yameanza kuchacha. Hewa ilikuwa nzito na ya vuguvugu kama ya bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. Na kwenye nailoni, ile isiyotakiwa kutobolewa, palikuwa na matundu yaliyopasuliwa kwa kisu, safi, marefu, moja juu ya kila fungu la mahindi. Mtu fulani mwenye huruma aliona mazao yanakosa hewa. Wenzake wakaona ni wazo zuri. Nilipochungulia kwenye tundu moja niliona mabamba yamesukumwa pembeni, na bati juu yake linang'aa maji. Tone lilikuwa linajikusanya polepole, likanenepa, likaniangukia kwenye jicho.

Kwa hiyo nilijua. Mahindi mabichi ya kijiji kizima yalikuwa yanatoa jasho chini ya godoro, jasho linapita kwenye matundu, linagonga bati la baridi, linarudi kwa bibi. Shuleni tumelisoma jambo hili, lakini tumelisoma kwa Kiingereza, na huwezi kusimama mbele ya wazee ukawamwagia Kiingereza cha fizikia bila kuonekana umeota mapembe. Na hata kwa Kiswahili ningesema nini? Kwamba mzee wa kanisa amemlowesha bibi? Kwamba baba amemlowesha mama yake mzazi? Mimi hata nikiitwa kujibu swali darasani huwa najificha nyuma ya daftari.

Jumapili baada ya ibada wakakusanyika sebuleni kwetu. Huko nje wanatucheka Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Huo ni uongo. Tunapenda kesi yenye chakula. Mama alipika chai ya tangawizi sufuria kubwa ile ya misiba, kukawa na vitumbua. Kwa sababu ya baridi madirisha yote yalifungwa, na watu wakabanana mpaka vioo vikafifia. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mzigo wa nguo umefungwa kwa kanga pembeni ya miguu yake.

Mzee wa kanisa akafungua kwa sala ndefu. Aliomba Mungu amfichue aliyesababisha. Nilimtazama kwa jicho moja nililoliacha wazi wakati wengine wamefumba macho. Hakutetemeka hata kidogo.

Baba akampigia baba mdogo kwa video, akaiegemeza simu kwenye kikombe.

"Shikamoo mama! Shikamooni wote!" baba mdogo akasema. "Haya, nielezeni. Nailoni haijatobolewa?"

"Haijatobolewa," wakasema.

"Madirisha mnafungua?"

"Tunafungua," wakasema watu waliokuwa wanavuja jasho mbele ya vioo vilivyofifia kwa mvuke.

"Ajabu. Na huko darini kuna nini?"

Mama wa vitumbua akapuliza chai yake iliyokuwa imeshapoa. Mzee wa kanisa akakagua viatu vyake.

"Kaka? Darini kuna kitu gani?"

"Dari ni tupu," baba akasema.

"Tupu kabisa?"

"Tupu," wakasema wote kwa pamoja, vizuri kabisa, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Bibi akainuka. "Basi," akasema. "Kama dari ni tupu na nyumba inalia, ni mimi haitaki. Sigombani na nyumba." Akainama kuchukua mzigo wake, na alipoinama kikohozi kikamshika, akashikilia kizingiti mpaka kikapita. Hakuna aliyemsogelea. Nadhani kila mtu alingoja mwenzake aanze.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Watu wote wakageuka, na macho yale yote yakanimaliza. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Kilichotoka ni:

"Shikamooni."

"Marahaba!" wakaitika, na kicheko kikalipuka, kikubwa, cha watu waliofurahi kupata kitu cha kucheka. "Ameamka huyu! Mpeni kitumbua!"

Nikatoka nje. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na kwa kuwa aibu ilishakwisha yote, hapakuwa na iliyobaki ya kuogopa, nikapanda ngazi.

Kiroba cha kwanza nilikisukuma kwa mguu. Kilianguka uani kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Cha pili kikafuata. Nikayang'oa mafungu ya kwenye kenchi, nikayatupa. Huko ndani kicheko kilikoma, mlango ukafunguka, watu wakamiminika. Baba alitoka na simu mkononi, na baba mdogo alikuwa anapiga kelele ndani yake: "Nini hicho kinaanguka? Kaka! Nigeuzie nione!"

Niligundua jambo nikiwa juu ya ngazi. Huoni nyuso za watu, unaona utosi tu. Utosi hautishi. Mzee wa kanisa ana upara kidogo nyuma.

Nikakiinua kiroba chenye kamba ya bluu. "Hiki cha nani?"

Wote walikitazama kama wanaona kiroba kwa mara ya kwanza maishani.

"Na hiki?"

Baba mdogo tu ndiye aliyesema, kwa sauti ya taratibu sasa, "Mungu wangu. Ni ghala."

Bibi akaja mbele, akaweka mzigo wake chini. Akabonyeza hindi moja kwa ukucha. "Bichi," akasema. Akazunguka lile lundo, hakuharakisha. "Ndio jasho lililokuwa linaniamsha." Halafu akasimama wima, akatangaza kwa furaha ambayo sijamwona nayo tangu shangazi aolewe: "Kama hayana mwenyewe, basi ni mana. Yameshuka kutoka juu, kila mtu ameona. Mjukuu wangu, shusha yote. Kesho yanakwenda kwa ng'ombe."

"Ngoja, ngoja, mama," mzee wa kanisa akasema. "Yale ya kamba ya bluu... zile ni mbegu. Kidogo tu."

"Hicho kiroba cha pembeni ni cha kwangu," mama wa vitumbua akasema. "Mimi niliweka tu kwa muda."

"Hicho hapana, hicho ni changu!" jirani mwingine akadakia. "Cha kwako kina kiraka!"

"Kiraka kipi? Nionyeshe kiraka!"

Wote wakajitokeza. Watu waliokuwa hawana hata punje dakika ile ile wakawa wanajua kila fundo la kila kamba. Kesi tatu zikazaliwa papo hapo, na moja haijakwisha mpaka leo. Baba alisimama kando ya fungu letu, akaanza kulisogeza taratibu kwa kisigino kuelekea stoo.

Darini kikabaki kikapu kimoja, nyuma kabisa, kimefunikwa. Nikakivuta mlangoni. Kilikuwa na maharage, mabichi kama mahindi ya wenzake, na kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha kanga ambacho nakifahamu, kwa sababu kipande chake cha pili ndicho kilichokuwa kimefunga ule mzigo wa nguo pale chini.

"Bibi?" nikasema.

Bibi akatazama milima ya upande wa pili. "Kidogo tu," akasema. "Nilimtuma mtoto wa jirani."

Uani pakalipuka. Hata baba mdogo alicheka mpaka picha yake ikaganda mdomo wazi.

Jioni ile fundi aliitwa tena, akaziba matundu ya nailoni kwa tepu na kurudisha mabamba mahali pake. Hakuna aliyejua nani aliyatoboa. Inasemekana ni panya, panya mwenye kisu. Mama akafungua madirisha yote, na kila asubuhi tangu hapo tunatetemeka kidogo halafu nyumba inakauka. Doa la silingi limebaki, ila halikui.

Na mahindi? Yalikuwa yamebaki uani, na ukungu ulikuwa unapanda. Mzee wa kanisa akatazama kulia, akatazama kushoto, akalitazama lile jiko la udongo la bibi, lenye moto katikati na dari jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Akamwendea kwa unyenyekevu ule ule.

Bibi alikwenda akachungulia mle jikoni. Nilijua anachofikiri. Mle ndani ndiko alikotaka kurudi.

"Pandisheni," akasema mwishowe. "Lakini moto mtawasha wenyewe kwa zamu. Na atakayekohoa asije kwangu."

Wakapandisha mpaka dari la jiko likashiba, na yaliyozidi wakayapanga kwenye kuta, na yaliyozidi tena wakayaweka mahali kilipokuwa kitanda chake. Bibi alisimama mlangoni akiwatazama. Hapakuwa na nafasi hata ya kuku.

"Mmenifukuza kwa mahindi," akaniambia, akaninyooshea ule mzigo wa nguo niurudishe chumbani.

Kila siku sasa mtu mmoja mwenye zamu anatoka mle jikoni macho mekundu, anapangusa machozi, anasema moshi ule ni mkali, bibi aliwezaje. Bibi anaketi barazani na blanketi, anamrekebisha mwenye zamu kuhusu kuni.

Leo asubuhi nilimsikia anasali. Alipofika Amina aliuinua uso, akangoja. Hakikuanguka kitu. Akangoja kidogo tena, akaligusa paji lake kwa kidole, akanigeukia na kunitazama kama vile nimemnyima kitu.